Mpaka Unaofuata Moshi

Palikuwa na nchi, na huenda bado ipo, kama mpaka wake haujahamishwa tangu asubuhi. Jina lake halitajwi hapa, si kwa woga, bali kwa sababu lilikuwa bado linajadiliwa na kamati.

Zamani nchi hiyo ilitawaliwa na Mwingereza mmoja aliyekuwa mgonjwa wa kukumbuka kwao. Kila akinywa chai alisimulia jinsi kaunti ya baba yake ilivyogawanywa tangu enzi na enzi katika sehemu zilizoitwa Mia, eti kila moja ikiwa na majiko mia, na jinsi wazee wa huko walivyozunguka mpaka kila mwaka wakiuchapa fimbo ili usisahaulike. Hakuna aliyemwambia kwamba hata huko kwao Mia hizo zilikuwa zimehamahama hadi nyingine zikabaki na majiko manane na kanisa. Basi naye akaikata nchi vipande kumi na viwili, kila kipande akakiita Mia, akaandika sheria ya sentensi moja: Mia ni majiko mia, yasipungue wala yasizidi, na majiko yakibadilika mpaka uyafuate. Kisha akaenda zake, akaacha ramani, mwavuli na sheria.

Ramani ililiwa na mchwa. Mwavuli uliwekwa makumbusho. Uhuru ulipopatikana, wananchi walibadilisha bendera, wimbo, majina ya barabara na siku ya mapumziko, lakini sheria ya Mia hawakuigusa, maana ilikuwa fupi na kila mkubwa aliweza kuikariri bila karatasi.

Katika Mia ya Mtondoo, ambayo ilikuwa kavu na tambarare, aliishi Mwinjuma, Karani wa Majiko. Kazi yake ilikuwa kuhesabu. Kila Ijumaa, jua likichomoza, alipanda juu ya tangi la maji lililosimama katikati ya mji kwa miguu minne ya chuma, tangi ambalo halijawahi kuonja maji tangu lizinduliwe, akatazama pande zote na kuhesabu moshi. Moshi mmoja, jiko moja. Kuingia nyumba kwa nyumba kulikatazwa, kwa sababu watu wakiulizwa husema mambo mengi na fomu ilikuwa na nafasi ya tarakimu tu. Miaka kumi na tisa alihesabu hivyo, na hakuwahi kukosea hata moshi mmoja. Alijivunia jambo hilo kimyakimya, jinsi mtu anavyojivunia meno mazuri.

Hesabu yake siku zote ilianzia mashariki, kwenye kilima cha Ufinyanzini, na moshi wa kwanza ulikuwa wa dada yake, Mashavu. Huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Mwinjuma akiwa bado anatambaa, na Mashavu, msichana wa miaka kumi na mitano, alimbeba mgongoni huku akifinyanga vyungu, akamsomesha kwa vyungu hivyo hivyo hadi akawa karani. Nyumba yake ilikuwa na mlango wa mninga alioutengeneza baba yao. Kila Idi alikuwa akimsimamisha mdogo wake kwenye mlango huo na kukata alama kwa kisu juu ya utosi wake. Zilikuwa alama kumi na nne. Ile ya mwisho ilimbidi apande juu ya kinu ndipo aifikie, na siku hiyo alicheka mpaka akaanguka nacho.

Mwaka wa ukame ulipofika, serikali ilitangaza mara moja kwamba hakuna njaa. Na kweli, katika Mia hazikuwepo dalili zake. Njaa ikiingia nyumba, watu hawana cha kupika. Wasipopika, moshi hautoki. Moshi usipotoka Ijumaa mbili mfululizo, jiko limefutika. Jiko likifutika, mpaka unasogea, nyumba inabaki nje. Kwa hiyo ndani ya mpaka kila jiko lilikuwa linapika, na wageni waliokuja kuchunguza njaa walionyeshwa moshi mia moja, wakaondoka wameridhika.

Majiko tisa ya Mbugani, upande wa magharibi, ndiyo yaliyotangulia. Siku ya kuhamisha mpaka ilikuwa sikukuu. Wapagazi wanne walibeba jiwe la mpaka kwa machela, limepakwa chokaa. Nyuma yake alitembea Mheshimiwa Kitwana Pazi, Mkuu wa Mia, Mlinzi wa Mawe, Baba wa Majiko, mtu mnene mwenye kiko mdomoni na sauti ya mtu anayesoma hata anapoongea. Karani ndiye aliyeonyesha kwa kidole mahali pa kuchimba, kwa kuwa yeye ndiye mwenye hesabu. Jiwe likisimamishwa, Mkuu alitoa bakora ya mpingo kutoka kwenye kasha la mahameli nyekundu, akalichapa jiwe mara saba ili lisisahau mahali pake.

"Ndugu wananchi," alisema Mkuu, akiwapa mgongo watu wa Mbugani kwa sababu hawakuwa wananchi tena, "mpaka si mstari. Mpaka ni upendo. Serikali inawapenda walio ndani, na inawaheshimu walio nje kwa kutowasumbua."

Mzee mmoja wa Mbugani aliuliza kama mahindi ya msaada yatafika kwao.

"Mahindi hupelekwa penye jiko," Mkuu alimjibu kwa upole. "Pasipo moshi hapana jiko. Sasa niambie, baba, pasipo jiko yatapikwa wapi?"

Upande wa kusini mpaka ulitolewa nje kidogo, ukameza majiko tisa ya Mia jirani ambayo bado yalikuwa na mihogo, na Mia jirani nayo ikameza tisa ya jirani yake. Waliobaki katikati waliitwa Nje ya Hesabu. Mwinjuma aliandika mia moja, akasaini, akalala usingizi mzuri. Ni vyema hilo lisemwe, maana baadaye alilikumbuka.

Kisha ikafika Ijumaa ambayo Mwinjuma alipanda tangini, akatazama mashariki, asione kitu. Alifikicha macho. Alisubiri mpaka jua likamchoma shingo. Nyumba zote kumi na saba za Ufinyanzini zilikuwa kimya, na ya dada yake ikiwa mojawapo. Hesabu ilikuwa themanini na tatu. Mkuu hakutaka kungoja Ijumaa ya pili; kwa tahadhari aliusogeza mpaka wa kusini siku ile ile, akachukua majiko kumi na saba mengine, jiwe likachapwa, muhtasari ukasainiwa.

Jumamosi Mwinjuma alikwenda Ufinyanzini, akiwa na kibaba cha mahindi chini ya kanzu. Alimkuta Mashavu amekaa kizingitini, vyungu vizima vimepangwa ukutani bila mnunuzi, maana nani atanunua chungu asiye na cha kutia ndani? Alikuwa amekonda hadi bangili zake zimepanda karibu na kiwiko.

"Dada, jana sikuuona moshi wako."

"Ungeuonaje, nimepika nini?"

"Hata kama hupiki, washa."

"Niwashe nipike maji, Mwinju? Na maji yenyewe niyatoe wapi?"

"Washa tu. Serikali haioni chungu, inaona moshi. Ijumaa ijayo usipoonekana, wewe na kilima chote mko nje."

Mashavu alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Na shule yote ile niliyokusomesha," alisema. Kisha akatazama kilima. Kuni hazikuwepo, hata mizizi ilikuwa imeng'olewa. "Niwashe nini?"

Mwinjuma alizungusha macho ndani ya nyumba. Aliona aibu, lakini alisema. "Kuna kitanda. Kuna kinu. Kuna mlango."

"Kitanda sawa, nitalala chini. Kinu nacho hakina kazi." Akauwekea mlango mkono, jinsi mtu anavyomwekea mkono ng'ombe wake. "Mlango hapana. Huu una wewe ndani yake."

Alipokuwa anaondoka alimwomba dada yake jambo moja, asimwambie mtu. Lakini Mashavu hakuwa mtu wa kula huku jirani anamtazama, hata kama chakula chenyewe ni moshi. Kabla jua halijatua alikuwa amepita nyumba zote kumi na sita, akimwambia kila mtu kwamba serikali inaona moshi tu.

Ijumaa iliyofuata Ufinyanzini iliwaka. Watu walichoma vitanda, vinu, vigoda, makuti ya mapaa. Moshi ulipanda kumi na saba, mnene na mweusi. Mwinjuma alipouona ule wa kwanza machozi yalimtoka kwa furaha, akashika kalamu, akahesabu mashariki, kaskazini, magharibi na kusini. Alipomaliza alihesabu tena. Kisha akakaa chini juu ya tangi. Moshi ulikuwa mia moja na kumi na saba.

Sheria ilisema yasipungue wala yasizidi.

Kikao cha dharura kiliitwa. Alikuwepo Mkuu, alikuwepo katibu wake Bi Salha ambaye aliandika kila kitu pamoja na kikohozi, na alikuwepo Mwinjuma amesimama. Mkuu alieleza kwamba kupungua ni bahati mbaya, lakini kuzidi ni uasi.

"Kumi na saba watoke," alisema. "Wa kusini wameshachapiwa jiwe. Jiwe likichapwa haliwezi kuchapuliwa. Kwa hiyo ni Ufinyanzini."

Mwinjuma, ambaye katika miaka kumi na tisa hakuwahi kusema neno kikaoni zaidi ya tarakimu, alisema maneno mengi. Alisema ule moshi ni wa vitanda. Alisema watu wale hawana kitu, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia wawashe, kwamba kosa ni lake.

"Hapo unajichanganya, Karani," Mkuu alimkatiza. "Ukisema ni moshi wa vitanda, basi si majiko, na watoke. Ukisema ni majiko, basi yamezidi, na yatoke. Chagua, nasi tutaandika ulichochagua. Serikali yetu ni ya kidemokrasia."

"Mheshimiwa, basi tuupinde mpaka kidogo. Pale mwanzo pana nyumba moja, ya dada yangu. Tukiupinda hatua kumi tu, anabaki ndani."

"Tutakuwa na mia na moja."

"Moja tu, Mheshimiwa."

"Na wewe ukosee moja?" Mkuu aliuliza, akimtazama kwa huruma ya kweli. "Wewe, Mwinjuma? Tangi lile lina heshima kwa sababu yako."

Kwa hiyo Jumapili walikwenda na machela. Mwinjuma alinyoosha kidole, na wapagazi wakachimba hatua kumi mbele ya mlango wa mninga. Watu wa kilima walisimama wamejipanga, na nyuma yao nyumba zao zilikuwa wazi juu, kwa sababu mapaa yalikuwa yameliwa na ule moshi. Hakuna aliyepiga kelele. Kelele nazo zinataka chakula.

Mkuu alilichapa jiwe. Katika bakora ya nne Mashavu alisema kutoka kizingitini, "Mpige polepole, Mheshimiwa. Naye hajala."

Baadhi walicheka. Bi Salha aliandika: kicheko. Mwinjuma alitaka kumwendea dada yake, lakini kanuni za watumishi zilijulikana na kila mtu: mtumishi wa Mia akivuka mpaka si mkazi tena, asiye mkazi si mtumishi, na asiye mtumishi hana posho ya mahindi. Mashavu aliuona mguu wake ulivyoinuka.

"Nenda, mdogo wangu," alisema. "Ukikosa kazi tutakuwa na njaa wawili badala ya mmoja."

Naye akaenda. Ukweli ndio huo, aligeuka, akaenda.

Posho ya Mwinjuma ilikuwa vibaba viwili kwa wiki. Kila Jumapili alikuja na kimoja mpaka kwenye jiwe, akasimama upande wake, na Mashavu akasimama upande wa pili, wakazungumza habari za kawaida, kama ndugu wawili waliokutana sokoni. Tatizo ni kwamba jiwe halikutulia. Majiko yalizidi kuzimika, na kila yakizimika mpaka ulirudi nyuma. Wiki ya kwanza jiwe lilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni kwa Mashavu. Wiki ya pili lilikuwa kwenye kisima kikavu, akatembea mpaka pale. Wiki ya tatu lilikuwa kwenye kiwanda cha zamani cha pamba. Alifika amechelewa, akaketi juu ya jiwe kupumzika, nusu yake ndani ya Mia na nusu nje, na mlinzi akamwambia ateremke kwa sababu anachanganya hesabu.

"Mwinju," alisema akipokea kifuko, "wewe unakula?"

"Nakula, dada."

"Mbona kanzu inakuvaa?"

Wiki ya nne jiwe lilikuwa sokoni, mwendo wa saa mbili kutoka Ufinyanzini, na Mashavu hakuja. Alikuja jirani yake, Bi Tausi, mama wa watoto watatu, akasema, "Dada yako anasema miguu imekataa." Mwinjuma alimpa kifuko ampelekee. Bi Tausi alikipokea kwa mikono miwili na kukitazama, na Mwinjuma akayaona macho yale, akaelewa. Alirudi kwake akijiambia kwamba hakuona kitu. Wiki ya tano hakuja mtu.

Siku hiyo hiyo aliandika barua: Ombi la kutoka nje ya Mia kwa saa tano kwa ajili ya kumwona dada. Jibu lilikuja baada ya siku nane, limepigwa mihuri miwili. Lilimpongeza kwa kufuata utaratibu. Lilimkumbusha kwamba ombi la safari sharti litaje mahali mtu anapokwenda, na kwa kuwa Nje ya Hesabu si mahali kisheria, ombi lijazwe upya likitaja mahali palipopo. Mwinjuma alilisoma kwa makini, maana alikuwa mtu wa kusoma barua za serikali kwa makini, na kwa mara ya kwanza maishani akachana karatasi yenye mhuri. Aliokota vipande vyote, akaviweka mfukoni.

Wakati huo Mia ya Mtondoo ilikuwa katika hatari kubwa, nayo ni hatari ya kutotimia. Majirani wote walikuwa wameishiwa moshi wa kumezwa. Kwanza Mkuu aliamuru kila mwenye jiko mjini aligawe mara mbili. Watu wakapika maharage kwenye jiko moja na chumvi kwenye la pili. Kisha yakagawanywa mara nne. Kisha watu wa mjini nao wakaishiwa maharage, na mpaka ukarudi nyuma mtaa kwa mtaa, ukipita msikitini, ukipita zahanati, hadi jiwe likasimama kwenye lango la nyumba ya Mkuu mwenyewe.

Hapo ndipo ilipofika taarifa kwamba ujumbe kutoka makao makuu unakuja Ijumaa kutoa Nishani ya Mia Bora.

Mkuu hakubabaika. Alijenga majiko mia moja uani kwake. Yalipangwa safu kumi za kumi, mafiga matatu kila moja, kila jiko likiwa na namba na mtumishi wa kulichochea. Hakuna kilichopikwa juu yake, ila lile la namba moja, ambalo lilikuwa la Mkuu na lilikuwa na pilau. Mpaka wa Mia sasa ulikuwa ukuta wa uani, na Mwinjuma hakuhitaji tangi tena, alipewa kiti. Walisema hakuna Mia nyingine nchini iliyokuwa rahisi kusimamiwa hivyo.

Kilichokosekana ni kuni. Lakini Nje ya Hesabu, kwa maelezo ya Bi Salha, kulikuwa na nyumba nyingi zisizo na wenyewe, kwa kuwa mwenyewe ni mkazi na huko hakuna wakazi. Wapagazi walitumwa na mkokoteni. Asubuhi ya Ijumaa walirudi na milango, madirisha, miimo na nguzo, wakavimwaga katikati ya ua. Wageni walikuwa wameshaketi. Moshi ulipanda jiko baada ya jiko, na Mwinjuma akahesabu kwa sauti, maana ujumbe ulitaka kusikia.

Alipofika tisini na tisa, jiko la mwisho lilikuwa bado halina kitu. Mpagazi mmoja, Songoro, mtu mzima aliyelibeba jiwe tangu mwanzo, alikuwa anainua ubao mkubwa kutoka chini ya rundo. Akauegemeza ukutani na kushika shoka. Ulikuwa mlango wa mninga wenye alama kumi na nne.

Mwinjuma aliinuka kitini. "Songoro. Huu umetoka wapi?"

"Ufinyanzini, bwana Karani. Nyumba ya mwanzo."

"Mwenye nyumba?"

Songoro aliteremsha shoka. "Tuliambiwa hakuna wenyewe. Ila huo ulikuwa mgumu kufunguka, tukasukuma. Kumbe kulikuwa na bibi ameketi nyuma yake, amejiegemeza."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Alikuwa hai?"

Songoro alitazama chini, kwenye jivu. "Kwenye fomu, bwana, hakuna sehemu hiyo."

Ua ulikuwa na moshi mwingi, kwa hiyo watu wengi walikuwa wanatoka machozi, na ya Mwinjuma hayakuonekana tofauti. Aliuinua mlango, akautia mgongoni, kamba ya mkokoteni akaipitisha kifuani kama wapagazi wanavyofanya. Mlango wa mninga ni mzito, na mtu mwenyewe hakuwa amekula chochote tangu juzi. Akaanza kutembea kuelekea langoni.

"Karani!" Mkuu aliita, akitabasamu kwa wageni. "Hesabu haijaisha. Umeishia tisini na tisa."

Mwinjuma aliendelea kutembea.

"Ukivuka jiwe hilo, Mwinjuma, wewe si mtumishi! Si mkazi! Hutahesabiwa popote!"

Akalivuka. Hakulitazama, ingawa ni yeye aliyekuwa ameonyesha mahali pa kulisimamisha. Nyuma yake wageni wakatazamana. Kisha Mheshimiwa Kitwana Pazi akatoa kiko chake, akakijaza tumbaku, akakiwasha, akapuliza moshi juu kwa madaha.

"Mia moja," alisema Bi Salha, akaandika. Ujumbe ukapiga makofi, na nishani ikatolewa kabla pilau haijapoa.

Mwinjuma alitembea mchana kutwa njia ambayo zamani aliimaliza kwa saa mbili. Alipita palipokuwa na jiwe sokoni, palipokuwa na jiwe kiwandani, palipokuwa na jiwe kisimani. Kila mahali palibaki shimo dogo, na mashimo hayo ndiyo yaliyomwonyesha njia. Alikuwa akisema peke yake, "Nimekuja, dada, nimekuja," kana kwamba amechelewa chakula cha mchana.

Mashavu alikuwa bado ameketi pale pale, mgongo umeegemea mahali ambapo mlango haukuwepo tena, kwa hiyo alikuwa ameinamia upande mmoja. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nyumba ilikuwa tupu kabisa. Alikuwa amechoma kila kitu alichokuwa nacho, kwa ile Ijumaa moja, isipokuwa alichokiegemea.

Waliobaki Ufinyanzini walitoka mmoja mmoja walipomwona mtu analia kizingitini. Wanawake wawili walimwosha Mashavu kwa maji kidogo waliyokuwa nayo. Bi Tausi alisimama mbali, kisha akaja, akapiga magoti mbele ya Mwinjuma.

"Yale mahindi," alisema, "sikumfikishia."

"Najua," Mwinjuma alisema. "Nilijua wakati nakupa." Akamshika bega, kwa sababu hakujua amchukie nani kabla hajamaliza kujichukia mwenyewe.

Wanaume walichimba kwa zamu, kila mmoja majembe machache tu kisha anaketi. Mbao za kumfunikia marehemu hazikuwepo kilimani kote, na hapo Mwinjuma akauleta mlango. Waliuteremsha, ukagoma. Ulikuwa mrefu kuliko kaburi kwa shubiri mbili.

Mtu mmoja akasema ukatwe kwa shoka upungue. Mwinjuma akatikisa kichwa. Basi, pamoja na uchovu wao, watu wale wakashuka tena shimoni, wakachimba upande wa miguuni, wakasogeza ukingo shubiri mbili. Mwaka ule, katika nchi ile nzima, ndiyo mara pekee mpaka wa kitu chochote uliposogezwa kwa ajili ya mtu. Haikutolewa hotuba, wala hakuna kilichochapwa. Mlango ukaenea, alama zote kumi na nne zikiwa zimeelekea kwake.

Walipokwisha kufukia, Bi Tausi aliuliza wamebaki wangapi kilimani. Watu wote wakamgeukia Mwinjuma, kwa mazoea.

Mwinjuma alikuwa amekaa chini, mikono imejaa udongo. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, taratibu, kila mmoja usoni. Hakuhesabu.